Je, wajua? Jimbo la Wales lililompata mbunge kwa kura 3

Leba, kura 17,165. Plaid Cymru, kura 17,162. Ndivyo yalivyosomeka matokeo ya jimbo la Carmarthen, kusini-magharibi mwa Wales, baada ya uchaguzi mkuu wa Uingereza wa Februari 28, 1974. Gwynoro Jones wa Leba, chama kikubwa cha Uingereza chenye mizizi kwa wafanyakazi, akarudi bungeni London. Gwynfor Evans, rais wa Plaid Cymru, chama kinachotaka Wales ijitawale, akabaki Llangadog, kijiji ambako watu walimjua kwa nyanya alizokuwa akilima kwenye nyumba za vioo.

Kura 3 ni kaya moja. Chukulia wafugaji fulani wa bonde la mto Tywi: Alhamisi ile ng'ombe wao amekwama kuzaa, na baba, mama na kijana wao wakashinda zizini mpaka vituo vikafungwa saa 4 usiku. Kama kaya hiyo ilikuwa ya Plaid Cymru, basi kuhangaika kwao na ndama ndiko kulikowanyima wagombea sare. Na sare ingekuwa kioja kikubwa zaidi, kwa sababu kule wagombea wakifungana sheria inamtaka msimamizi wa uchaguzi aamue kwa bahati nasibu.

Mambo yalifikaje hapo?

Tuanze na namna wanavyohesabu. Sisi tumezoea kura kuhesabiwa pale pale kituoni, mawakala wakiwa wamezunguka meza. Uingereza hawafanyi hivyo. Masanduku yote ya jimbo hubebwa hadi ukumbi mmoja, yakamwagwa, karatasi zikapangwa kwa mgombea, kisha zikafungwa mafungu mafungu. Tofauti ikiwa ndogo, mgombea au wakala wake anaomba zihesabiwe upya, na ikiwa ndogo mno ataomba tena. Carmarthen zilirudiwa zaidi ya mara moja. Kila ziliporudiwa, macho yote yalikuwa kwenye fungu la pembeni, lile la karatasi zenye utata: huyu kaweka alama kwa wawili, huyu kaandika jina lake, huyu alama yake imepita juu ya mstari. Miaka hiyo kulikuwa na mtego mwingine. Karani wa kituo alitakiwa kuigonga kila karatasi kwa kifaa kinachoitoboa alama rasmi kabla ya kumkabidhi mpiga kura. Akijisahau, kura hiyo haihesabiwi, hata kama mwenyewe alipiga sawasawa na kwenda zake akiwa ameridhika. Siku ya kawaida hakuna anayejali karatasi chache za namna hiyo. Tofauti ikiwa 3, kila karatasi ni kesi.

Ila kuhesabu kunaeleza tu jinsi tofauti ilivyothibitishwa. Kwa nini ilikuwa finyu kiasi kile ni habari nyingine, na hapo lazima tulitazame jimbo lenyewe, maana Carmarthen ilikuwa na desturi ya kuwakosesha wanasiasa usingizi.

Mwaka 1924 lilimchagua Sir Alfred Mond, tajiri wa viwanda vya kemikali, kwa tiketi ya Waliberali. Mwaka 1926 akahamia kwa Wahafidhina bila kurudi kwa wapiga kura kuwauliza. Mwaka 1928 akapewa ulodi, akahamia Baraza la Malodi, kiti kikabaki wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na Waliberali wakakirudisha kwa tofauti ya kura 47 dhidi ya Leba. Mwaka uliofuata Leba wakakichukua. Mwaka 1945, Leba walipokuwa wanazoa viti nchi nzima, Carmarthen ilikwenda kinyume: Rhys Hopkin Morris, Mliberali, alimwangusha mbunge wa Leba. Akakitetea kiti mwaka 1950 kwa kura 187, na mwaka 1951 kwa kura 467. Siyo jimbo la mtu mwenye shinikizo la damu.

Sababu yake ipo ardhini. Sehemu kubwa ya jimbo ni mashamba: ng'ombe wa maziwa, malisho, vijiji vya kanisa dogo na duka moja, watu wanaozungumza Kiwelisi kuanzia jikoni hadi mnadani. Hao kwa vizazi vingi walikuwa Waliberali, na uliberali wao ulishikana na makanisa yao ya Kiprotestanti yaliyojitenga na Kanisa la Uingereza. Ukielekea kusini-mashariki, upande wa bonde la Gwendraeth, unaingia kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na huko Leba na chama cha kutetea haki za wachimbaji ni kitu kimoja. Wahafidhina nao walikuwepo siku zote, wachache, hawatoshi kushinda na hawapungui kiasi cha kupuuzwa. Sasa weka makundi hayo chini ya mfumo ambao anayeongoza kwa kura ndiye mshindi hata asipofika nusu, mfumo ule ule tunaowapatia wabunge wetu wa majimbo Kenya na Tanzania, na utaona kwamba mshindi wa Carmarthen mara nyingi alitegemea watu ambao hawakumpigia yeye wala mpinzani wake.

Mwaka 1957, baada ya Hopkin Morris kufariki, alikuja mwanamke aliyeuvuruga zaidi mpango huo. Lady Megan Lloyd George alikuwa binti wa David Lloyd George, Mliberali aliyewahi kuwa waziri mkuu, na mwaka 1929 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge kutoka Wales. Kwa miaka 22 alikaa bungeni kama Mliberali wa Anglesey. Mwaka 1955 akahamia Leba, na sasa akaja kugombea Carmarthen dhidi ya chama cha baba yake. Waliberali walijimaliza wenyewe kwa kumsimamisha mgombea aliyeunga mkono uvamizi wa Uingereza kwenye mfereji wa Suez, Misri, jambo lililokuwa linawachoma wengi. Megan akashinda kwa kura 3,069. Waliberali waliobaki bungeni walikuwa 5 tu, wa nchi nzima.

Akakishika kiti mpaka 1966. Machi mwaka huo alichaguliwa tena kwa tofauti ya kura 9,233 ingawa alikuwa mgonjwa, hawezi hata kufanya kampeni. Mei akafariki kwa saratani.

Uchaguzi mdogo ulifanyika Julai 14, 1966, na huo ndio unaotajwa mpaka leo. Machi, Gwynfor Evans alikuwa wa tatu kwa kura 7,416. Julai, miezi 3 na nusu baadaye, alipata 16,179 na kuwa mbunge wa kwanza kabisa wa Plaid Cymru, chama kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1925. Leba walishuka kutoka 21,221 hadi 13,743. Mgombea wao, Gwilym Prys-Davies, hakuwa mtu wa ovyo. Yeye mwenyewe alikuwa anataka Wales ipewe madaraka zaidi. Lakini kura nyingi za Leba pale zilikuwa za Lady Megan, na Lady Megan hakuwepo.

Mambo mengine yalikuwa yanachemka chini kwa chini. Treni ya abiria ya kwenda Aberystwyth ilikuwa imesitishwa mwaka 1965. Mambo ya maji yalikuwa yanauma kuliko hata reli. Kaskazini, jiji la Liverpool lilipata kibali cha bunge na kuzamisha kijiji cha Capel Celyn, bonde zima la Tryweryn, ili lijaze bwawa lake, ingawa wabunge wa Wales walilipinga. Ndani ya jimbo la Carmarthen kwenyewe, jiji la Swansea lilitaka kulizamisha bonde la Gwendraeth Fach pale Llangyndeyrn. Wakulima wa Llangyndeyrn hawakuandika barua tu. Mwaka 1963 walifunga mageti ya mashamba yao kwa minyororo, wakaweka matrekta na zana nzito nyuma yake, wapimaji wa mradi wakaja na kugeuza. Swansea ikasalimu amri na kuhamishia bwawa juu kabisa ya mto Tywi. Mtu aliyewahi kuona mnyororo wa getini unalishinda jiji hashangai akiambiwa kura yake inaweza kulishtua bunge.

Kuna kitu kimoja tena ambacho ni rahisi kukisahau. Serikali ya Leba, ya waziri mkuu Harold Wilson, ilikuwa imeshinda miezi michache tu nyuma, ina wabunge tele. Kumpigia Gwynfor hakukuiangusha serikali. Mtu wa Leba angeweza kukipa chama chake kofi la onyo bila kumkabidhi Mhafidhina ufunguo wa nyumba, na wengi walifanya hivyo.

Evans alipofika bungeni aliomba ale kiapo kwa Kiwelisi. Akakataliwa. Lakini moto ulikuwa umeshawaka: mwaka 1967 chama chake kilikaribia kuwapokonya Leba kiti cha Rhondda West, na 1968 Caerphilly, ngome mbili za makaa ya mawe ambako Leba walizoea kushinda wakiwa usingizini.

Uchaguzi mkuu wa 1970 ukarudisha mahesabu ya kawaida. Gwynoro Jones, kijana wa Leba ambaye hakuwa hata na miaka 30, aliongea Kiwelisi kama Gwynfor na alizaliwa huko huko kwenye jimbo. Hoja ya kwamba Leba ni chama cha wageni ilimkosa. Alishinda kwa kura 3,907. Hapo ndipo tunafika Februari 1974 na zile kura 3.

Sasa sehemu ninayoipenda. Uchaguzi wa Februari haukuzaa chama chenye wingi bungeni, hivyo Oktoba mwaka ule ule watu wakarudi vituoni. Gwynoro Jones aliongeza kura: kutoka 17,165 hadi 19,685. Nyongeza ya zaidi ya 2,500 kwenye jimbo ambalo mara ya mwisho liliamuliwa kwa 3! Na akashindwa. Evans alipata 23,325.

Hizo zilitoka wapi? Waliberali na Wahafidhina wa Carmarthen walikuwa wamesoma magazeti kama kila mtu. Walijua kwamba Februari wagombea wao walikuwa watazamaji wa mechi ya wawili, na kwamba wachache tu kati yao wangeweza kuamua nani anaingia. Maelfu wakaviacha vyama vyao. Wengi wakaenda kwa Evans, si lazima kwa kuipenda Plaid Cymru, bali kwa kuichoka Leba. Zile kura 3 hazikuwa na athari yoyote kwa serikali mwezi Februari; athari yake ilikuwa kumwambia kila Mliberali na kila Mhafidhina wa jimbo kwamba Oktoba kura yake ina bei.

Na kichekesho cha takwimu: Oktoba hiyo Wilson alipata wingi wa viti 3 katika bunge zima.

Mwaka 1979 ukaja na kioja cha upande wa pili. Machi 1 Wales ilipiga kura ya maoni kuhusu kuwa na baraza lake la kuchaguliwa, na wapiga kura 4 kati ya 5 wakasema hapana. Miezi 2 baadaye ukaja uchaguzi mkuu. Margaret Thatcher, kiongozi wa Wahafidhina, alikuwa anapanda, na Wahafidhina wa Carmarthen, waliojificha Oktoba 1974, wakarudi kwao. Daktari Roger Thomas wa Leba akamwondoa Evans kwa kura 18,667 dhidi ya 16,689. Linganisha: Gwynoro Jones alishindwa kwa kura 19,685, na Roger Thomas akashinda kwa pungufu ya hizo kwa elfu moja na ushee. Ukitaka kumweleza mtu kwa nini kuhesabu kura zako peke yake hakukwambii kama utashinda, mpe namba hizo mbili.

Evans hakurudi tena bungeni, ila hakuishiwa. Serikali ya Thatcher ilipogeuka ahadi yake ya kuanzisha chaneli ya televisheni ya Kiwelisi, alitangaza mwaka 1980 kwamba kuanzia Oktoba 6 atafunga kula mpaka afe. Alikuwa na miaka 67 na kila mtu alijua hatanii. Septemba serikali ikarudi nyuma, na Novemba 1, 1982 chaneli hiyo, S4C, ikaanza kurusha matangazo.

Jimbo lenyewe liligawanywa vipande viwili mwaka 1997, na mwaka 2024 likarudi kama jimbo moja lenye mipaka mipya na jina la Kiwelisi, Caerfyrddin. Ann Davies wa Plaid Cymru alilichukua, na miongoni mwa walioangushwa alikuwamo Simon Hart, mnadhimu mkuu wa Wahafidhina. Tofauti ilizidi kura 4,000, kwa Carmarthen huo ni ushindi wa kulala mapema.

Lakini usiku ambao eneo hili lilirudia tabia yake ulikuwa wa Septemba 18, 1997. Wales ilikuwa inapiga tena kura ya maoni kuhusu kuwa na baraza lake. Maeneo 22 yalikuwa yanatangaza moja baada ya jingine, na kufikia alfajiri 21 yalikuwa tayari. Hapana ilikuwa inaongoza. Waliounga mkono walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakiwa wameshakata tamaa, wengine wamekwenda kulala. Lilikuwa limebaki eneo moja, Carmarthenshire. Matokeo yake yalipotoka, Ndiyo ikapita kwa nchi nzima, kwa tofauti ya kura 6,721.