Kutunza msitu wa kijiji si kuukabidhi serikalini

Kuanzia Kondoa hadi Kiteto, Tanzania, husikika kwamba ukiacha msitu usimame na tembo wakaonekana, serikali itauchukua, hivyo heri kufyeka mapema na kupanda ufuta. Hofu hiyo inaeleweka, lakini sheria inasema vingine.

Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua msitu wa hifadhi wa kijiji. Kijiji ndicho msimamizi: hutoa vibali vya kuvuna, hutoza faini, na mapato hubaki kijijini bila kulipa mrabaha, yaani ada ya mazao ya msitu, kwa serikali kuu. Hapo ndipo penye motisha yenyewe. Wanavijiji wa Suledo, Kiteto, waliutunza msitu wao wa miombo kwa njia hii, wakapata mwaka 2002 Tuzo ya Ikweta, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa jamii zinazotunza mazingira.

Ili msitu uwe hifadhi ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji uridhie, mipaka ipimwe pamoja na majirani, miti ihesabiwe, mpango wa usimamizi uandikwe, kisha sheria ndogo zipitishwe na baraza la madiwani. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa, na ni kosa kubwa: bila sheria ndogo zilizoidhinishwa, faini ya mchoma mkaa haisimami mahakamani.

Wanyamapori wenyewe hubaki mali ya umma. Kuwinda kunahitaji leseni. Tembo akila mtama, kinacholipwa ni kifuta jasho, si fidia kamili. Taarifa itolewe kwa ofisa wanyamapori mara moja, kabla nyayo hazijafutika na mabua hayajaondolewa shambani.