Kupanga programu kwa maandishi: maana yake, na pale mwanafunzi wa Lubumbashi anapokwama

Kupanga programu kwa maandishi ni kuiandikia kompyuta maagizo kwa herufi, tarakimu na alama, mstari baada ya mstari. Kunafanana na kuandika barua, ila msomaji wa barua hii hakisii. Ukisimama mbele ya meza ya mama muuza nyanya sokoni Katuba, hapa Lubumbashi, na kusema, "Mama, niwekee za elfu mbili," atakuwekea, na pengine atakuongezea moja ya matabishi. Kompyuta haijui matabishi. Inafanya kilichoandikwa, si pungufu, si zaidi.

Jina hili lipo ili kuitofautisha na njia nyingine, ile ya vitofali. Katika Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na MIT Media Lab ya Marekani, mtoto haandiki agizo. Anavuta kitofali chenye agizo tayari na kukipachika chini ya kingine, na kisichofaa hakipachikiki. Kwa wadogo ni mwanzo mzuri sana. Lakini humo mtoto hawezi kukosea herufi wala kusahau alama, kwa hiyo siku anapohamia lugha ya maandishi kama Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, mzigo wote wa uandishi unamwangukia mara moja. Anayefundisha inampasa aujue mzigo huo ulivyo, kwa sababu hauko pale wengi wanapoudhania.

Tazama programu hii. Ni hesabu ambayo watoto wengi wa hapa wameifanya kichwani walipotumwa kubadilisha pesa (viwango ni vya mfano tu, na makala kwetu ni makaa ya kupikia):

dola = 20
kiwango = 2500
faranga = dola * kiwango
if faranga < 60000:
    print("Haitoshi gunia la makala")

Mstari wa kwanza unasema: jina dola lishike 20. Alama ya = hapa si ule usawa wa hisabati, ni amri ya kuweka. Ndiyo maana Python inakubali dola = dola + 1, maneno ambayo kwenye daftari la aljebra yangepigwa mstari mwekundu. Katika mstari wa tatu nyota imechukua nafasi ya alama ya kuzidisha. Wa nne unaweka sharti, na nukta mbili za mwisho zinatangaza kwamba kuna kinacholitegemea. Wa tano umesogezwa ndani kwa nafasi nne, na nafasi hizo si urembo: ndizo zinazoonyesha kuwa agizo hili liko chini ya sharti. Zidisha mwenyewe, utapata 50000. Sharti limetimia, na maneno yanatokea kwenye kioo.

Sasa hesabu maneno ya kigeni katika mistari hiyo mitano. Ni mawili: if na print. Wazazi huniuliza mtoto anayesoma kwa Kifaransa na kuishi kwa Kiswahili ataweza vipi kitu kilichojengwa kwa Kiingereza. Hofu yao naielewa, lakini ni kubwa kuliko kizuizi chenyewe. Maneno ambayo Python imejiwekea ni 35 hivi, na mwanafunzi anayeanza hahitaji hata kumi. Majina mengine yote anachagua mwenyewe, na mimi nasisitiza ayachague kwa Kiswahili. Mtoto aliyeandika kiwango anakumbuka kimebeba nini. Aliyenakili rate kutoka mahali fulani hakumbuki.

Ukuta wenyewe uko kwenye vidole. Klavie zetu (kibodi) nyingi ni za AZERTY, yaani mpangilio wa Kifaransa, na Python imejaa alama. Kwenye klavie hiyo tarakimu zinahitaji ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Mtoto anabonyeza 5, inatoka mabano. Anatafuta alama za kufungia maneno, hajui kuwa ziko kwenye kitufe cha 3. Dakika kumi zinapita katika kuwinda mabano ya kufunga, na huku anaanza kuamini kwamba programu ni ya watu wenye akili kuliko yeye. Kwa hiyo kipindi cha kwanza nakitumia kwenye klavie peke yake: andika mabano, andika nukta mbili, andika nyota, mara ishirini ishirini. Hakuna somo ninalolionea fahari zaidi.

Halafu kuna mkato. Shuleni tumefundishwa kuandika mbili na nusu kama 2,5, kwa desturi ya Kifaransa. Python inataka nukta: 2.5. Ubaya wa kosa hili ni kwamba mashine hailalamiki. Mwanafunzi anaandika bei = 2,5 na kuagiza ichapwe bei * 2 akingoja 5. Kinachotoka ni (2, 5, 2, 5). Python imedhani amepewa namba mbili, 2 na 5, ikazirudia mara mbili kama ilivyoagizwa. "Mwalimu, mashini haisemi kosa, lakini jibu iko mubaya," aliniambia kijana mmoja, na katika sentensi hiyo alikuwa ameshagundua jambo kubwa: kosa la sarufi na kosa la maana ni vitu viwili. La kwanza mashine inalikataa. La pili inalitekeleza kwa utiifu wote, na ni wewe wa kuliona.

Kwa makosa ambayo mashine inayakataa, fundisha kusoma ujumbe wa kosa kuanzia chini. Mstari wa mwisho unataja aina ya kosa, na juu yake kuna namba ya mstari uliogomewa. NameError mara nyingi ni jina lililoandikwa tofauti sehemu mbili, kiwango hapa na kiwago kule. Watoto huufunga ujumbe huo haraka kwa aibu, kama karipio. Nawaomba wausome kwa sauti.

Kosa letu walimu ni kumwandikisha mtoto kabla hajasoma. Hakuna aliyejifunza kuandika Kiswahili kabla ya kukisikia na kukisoma, na programu haina njia ya mkato. Uingereza, mtafiti wa ufundishaji wa kompyuta Sue Sentance na wenzake walipanga utaratibu wa hatua tano: tabiri programu itafanya nini, iendeshe, ichunguze, ibadilishe, kisha ndipo uunde yako. Nikiwa na saa moja tu, hatua ya kutabiri siiachi kamwe. Mwanafunzi aliyeandika utabiri wake daftarini ana sababu ya kutazama kioo.

Na hapa ndipo maandishi yanapovishinda vitofali katika madarasa yetu. Vitofali vinataka kioo. Maandishi yanaandikwa ubaoni kwa chaki, yananakiliwa, yanasomwa wakati umeme umekatika, yanasahihishwa kwa kalamu nyekundu. Wanafunzi arobaini wanaweza kugombea jibu la mistari mitano huku kompyuta ikiwa moja, au imezimwa.

Wazo la kwenda mbali na kioo si langu. Mwanahisabati Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, alikuwa miongoni mwa waliounda Logo mwaka 1967, lugha ya maandishi kwa ajili ya watoto, ambayo baadaye ilipata kobe anayechora kwa kufuata maagizo. Kobe huyo yumo hadi leo ndani ya Python. Sisi tunamtoa uani kwanza: msichana mmoja anasimama juu ya alama ya chaki, mwenzake anamsomea maagizo kutoka daftarini. Mbele hatua nne, geuka kushoto. Mbele hatua nne, geuka kushoto. Karibu kila mara msomaji anasahau mgeuko wa nne; kobe amerudi kwenye alama yake lakini anatazama upande mwingine, na mraba unaofuata utachorwa pengine kabisa. Wakisharekebisha, mistari ni minane. Hapo mtu huuliza kwa nini tunaandika kitu kimoja mara nne, na siku hiyo ndiyo ninayowafundisha kitanzi, yaani rudia mara nne: mbele 100, geuka kushoto nyuzi 90:

for i in range(4):
    forward(100)
    left(90)