Kwa nini washairi wa Kiswahili hujibizana kwa vina vilevile?

Ukiyafuatilia mashairi ya Kiswahili yanayorushwa Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp, utaona jambo ambalo mgeni wa fani hii hulishangaa. Mtu anaweka shairi lake asubuhi, tuseme la beti sita. Adhuhuri haijafika, mwingine keshamjibu, wala hakuishia kwenye "hongera malenga". Kamjibu kwa shairi kamili, la mizani ileile (hesabu ya silabi) na vina vilevile (silabi za kumalizia), na mara nyingi hata kibwagizo, yaani mstari unaofunga kila ubeti, ni kilekile, kimegeuzwa kidogo tu. Ikifika jioni wamekuwa watatu au wanne. Mtu anayeweza kutoa maoni yake kwa sentensi mbili za kawaida, anajitwisha mzigo wa kutafuta maneno yanayoishia na silabi alizochagua mwenzake. Kwa nini?

Tuanze na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, maana bila kuiona ni vigumu kuelewa sababu. Chukua ubeti huu, ambao nimeutunga hapa kwa ajili ya mfano tu:

Mwanangu ataka simu, hanyamazi humu ndani,
Asema ina elimu, kuzidi ya darasani,
Mimi naona ni sumu, kumtia mkononi,
Malenga nijulisheni, simu nimpe au la?

Hii ni tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16 iliyokatwa katikati: nane kipande cha kwanza, kiitwacho ukwapi, nane kipande cha pili, kiitwacho utao. Kina cha kati ni "mu", cha mwisho ni "ni", isipokuwa kwenye mshororo wa nne, ambao ndio kibwagizo na una uhuru wake. Ukiuhesabu kwa vidole utaona hakuna silabi iliyozidi wala iliyopungua. Sasa anakuja mjibu:

Swali lako nafahamu, nalijibu kwa makini,
Kisu si cha kulaumu, uliza kiko kwa nani,
Weka saa na nidhamu, ilale kwako chumbani,
Nakujibu hadharani, simu mpe, hapana la.

Hakuna mahali mjibu alipoandika "namjibu fulani kuhusu suala la simu". Hakuhitaji. Zile "mu" na "ni", na ile "la" iliyobaki mwishoni mwa kibwagizo, zinamwambia kila msomaji kwamba beti hizi zimezaliwa na zile. Akitokea wa tatu anayepinga, atafunga ubeti wake kwa mfano hivi: "Napinga hilo jamani, simu usimpe, la la!" Neno moja dogo limepita mikono mitatu na kila mmoja kalipa kazi tofauti. Utamu wa malumbano, yaani kujibizana huku kwa beti, uko hapo. Msomaji anafuatilia hoja, na papo hapo anangoja kuona yule anayefuata atatokaje kwenye kona aliyowekwa.

Basi sababu ya kwanza ni ya kumbukumbu. Ushairi huu ulizoea kusikilizwa kabla haujazoea kusomwa, na mtu aliyesikia shairi la kwanza wiki iliyopita barazani hana karatasi ya kurejea. Vina vikirudi, shairi la kwanza linarudi navyo kichwani.

Sababu ya pili ni kupimana, na hapa tuseme ukweli, washairi ni watu wa majivuno. Anayeanza huchagua uwanja anaoujua. Anayejibu hucheza ugenini, kwa vina ambavyo hakuvichagua. Ndiyo maana mtunzi mjanja hufungua malumbano kwa vina vigumu makusudi. Vina kama "na" au "ka" havimsumbui mtu, kwa sababu Kiswahili kimejaa vitenzi vinavyoishia hivyo. Jaribu kumpa mpinzani wako "dhi" na "fu" kwa beti kumi, uone kama atafika ubeti wa saba bila kurudia neno. Akifika salama, hata wasiokubaliana na hoja yake watampa mkono.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko gazeti lolote la Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, aliishi zama ambazo Mombasa iliyotawaliwa na ukoo wa Mazrui ilikuwa ikivutana na Lamu, na nyuma ya Lamu alikuwapo Seyyid Said, mtawala wa Omani. Baada ya vita vya Shela, miaka ya 1810, ambapo jeshi la Mombasa na Pate lilishindwa vibaya na watu wa Lamu, ugomvi uliendelea kwa beti. Muyaka akitunga huku, Zahidi Mngumi akijibu kule Lamu. Hayo yalikuwa majibizano ya siasa za miji, yenye vitisho, kejeli na mafumbo, na waliosikiliza walijua vizuri nani anapigwa.

Pemba nayo ilikuwa na watu wake. Mashairi ya Kamange na Sarahani, watunzi wawili waliojibizana kule, yalihaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa mwaka 2011 katika Kale ya Washairi wa Pemba. Ukitaka kuona malumbano yanavyoweza kuwa ya kirafiki na makali kwa pamoja, anzia hapo.

Kisha likaja gazeti. Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilitenga nafasi ya mashairi ya wasomaji, na kwa hatua hiyo uwanja ukapanuka ghafla. Mtu wa Tabora aliweza kumjibu mtu wa Tanga ambaye hajawahi kumwona. Lakini gazeti lilileta jambo jipya pia, nalo ni mhariri. Shairi lililopungua mizani liliweza kutupwa, na polepole kanuni ambazo zamani zilikaa masikioni mwa watu zikaanza kuandikwa. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi. Kwa kizazi kizima kile kitabu kilikuwa ndiyo hakimu. Kenya nako, Taifa Leo limewapa washairi ukurasa wao kwa miongo mingi, na wako watu walioanza kujulikana nchini kwa lakabu waliyoitumia pale kuliko kwa jina walilopewa na wazazi.

Tofauti moja inafaa kuelezwa hapa. Wengi huchanganya malumbano na ngonjera. Ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala, zilizotoka katika vitabu vya Ngonjera za UKUTA (chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) mwanzoni mwa miaka ya 1970, nazo zina watu wawili wanaobishana kwa beti. Lakini mtunzi ni mmoja, na mwisho wake unajulikana tangu mwanzo: asiyejua ataelimishwa, atakubali, na wote watafurahi. Zilifaa sana kwa shule na sherehe za siasa. Malumbano hayana mwisho uliopangwa. Yule wa pili ni mtu wa kweli, ana kichwa chake, na anaweza kukuumbua. Binafsi naona hapo ndipo penye ushairi wenyewe.

Katikati ya gazeti na simu kuna kaseti, ambayo watu huisahau. Lamu, katika kampeni za uchaguzi za miaka ya 1970, mashairi yanayojulikana kwa jina la Kimondo yaliimbwa kwa mahadhi na kurekodiwa kwenye kaseti. Upande mmoja ukitoa yake, upande wa pili ulijibu, na mji mzima ukasikiliza. Ukifikiri, ule mtandao wa sauti zinazopita kutoka mkono hadi mkono bila mhariri wala mchapishaji ulikuwa unafanana sana na WhatsApp ya leo kuliko gazeti. Na kweli, shairi la siku hizi mara nyingi huja kwa namna mbili: maandishi, halafu sauti ya mtunzi mwenyewe au rafiki yake mwenye koo zuri akilighani.

Simu imebadilisha nini basi? Kasi, kwanza. Zamani jibu lilingoja toleo lijalo la gazeti, na mtunzi alipata wiki kadhaa za kulinoa. Sasa ukichelewa siku moja watu wamehamia jambo jingine. Matokeo yake ni mashairi mengi yaliyotoka jikoni hayajaiva: hoja ni nzuri, lakini ubeti wa tatu umerudia neno la ubeti wa kwanza, na wa tano umejazwa vihisishi ili silabi zitimie. "Jamani" na "kwa hakika" ndizo zinazookoa watu wengi. (Nami nimewawekea "jamani" moja hapo juu. Ilihitajika.)

Wakaguzi nao hawakosekani. Kila kundi lina mzee mmoja, au kijana mwenye roho ya mzee, ambaye shairi likitua tu anaandika: ubeti wa pili, mshororo wa tatu, utao umezidi mzani mmoja. Ubeti wenye kasoro ya vina au mizani huitwa guni, na kuitwa hivyo mbele ya watu ni fedheha ndogo ambayo imewafundisha wengi haraka kuliko darasa. Imewafukuza wengine pia, hasa chipukizi waliokuja na jambo zito la kusema wakaambiwa kuhusu silabi tu.

Jambo dogo la kiufundi: mshororo wa mizani 16 hautoshi vizuri kwenye kioo chembamba cha simu. Hujikunja, na kina cha kati kinapotea machoni. Ndiyo maana siku hizi wapo wanaoandika ukwapi kwenye mstari wake na utao chini yake, hata tarbia ikaonekana ina mishororo minane. Wengine hubaki na koma yao katikati, na wengi huzipa beti namba ili mjibu aweze kusema "ubeti wako wa nne naupinga".

Kubwa zaidi ni suala la jina. Shairi likishasambazwa mara tano, jina la mtunzi lililokuwa juu limeanguka njiani, na baada ya wiki shairi linamrudia mwenyewe kama kazi ya "asiyejulikana", au vibaya zaidi, lina jina la mtu mwingine. Hapa desturi ya kale imekuwa dawa. Watunzi wa zamani walizoea kujitaja ndani ya ubeti wa mwisho, ule unaofunguliwa kwa "tamati" au "kaditama", wakaweka jina, lakabu au mji wao ndani ya vina. Kulitoa jina hilo si kazi ya kufuta mstari mmoja. Lazima ulivunje shairi, na atakayelisoma atasikia pengo. Jibu nalo linasaidia, kwa kuwa mara nyingi mjibu huanza kwa kumtaja anayemjibu, kwa mizani. Kwa hiyo hata nusu moja ikipotea, nusu ya pili ni shahidi.

Lipo swali ambalo washairi wa mashairi huru huliuliza, na ni la haki: je, haya yote hayatufungi? Mzozo huo ulipamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, diwani isiyofuata vina wala mizani. Waliompinga walisema hayo si mashairi; waliomtetea walisema vina si ushairi. Leo wote wanachapishwa, wote wanafundishwa, na ugomvi umepoa kiasi. Ila angalia kinachotokea kwenye simu. Shairi huru likiwekwa, hata liwe zuri kiasi gani, hupata mioyo, vidole gumba na maneno ya pongezi. Mara chache sana hupata shairi la kulijibu. Si kwa ubovu wake. Linakuja na umbo lake lenyewe, halimwachii msomaji kipimo cha kujaza. Tarbia inaacha kiti kitupu, na kibwagizo chenye swali ni sawa na kukivuta kiti hicho na kumwambia mtu aketi. Nadhani ndiyo sababu bahari hizi za zamani, yaani aina hizi za mashairi, zimestawi kwenye vyombo vipya, mahali ambapo wengi walitarajia zife: chombo chenyewe kimejengwa kwa ajili ya kujibu.

Matusi? Yapo. Wako wanaodai kwamba vina humlazimisha mtu afikiri kabla ya kutukana, na kwa sehemu ni kweli, kwa sababu kumtafutia mtu tusi lenye mizani nane kunachukua muda na hasira hupungua. Lakini Zanzibar na Dar es Salaam wanajua mipasho ya taarabu ilivyoweza kuchoma bila kutaja jina la mtu. Fumbo zuri huumiza kuliko tusi, na linadumu zaidi.

Kinachonipa wasiwasi ni uhifadhi. Mashairi ya Muyaka tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyatafuta na kuyakusanya, mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akayanakili pamoja na maelezo ya nani alikuwa akimjibu nani na kwa kisa gani, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Bila yale maelezo, beti nyingi zingekuwa mafumbo matupu, kwa maana ni nusu ya mazungumzo ambayo nusu yake ya pili haikuandikwa. Malumbano ya leo yamekaa ndani ya simu ya mtu, na simu huibwa, huanguka majini, hujaa ikafutwa. Anayeyapenda ayanakili pande zote mbili, aweke tarehe, na aandike kwa mstari mmoja kisa kilichoyaanzisha, kwa sababu miaka kumi baadaye hata watunzi wenyewe watakuwa wamesahau ile simu ilikuwa ya mtoto yupi.