Ganesha wa udongo: kinachoabudiwa si udongo

Wengi tumekua tukisikia kwamba Wahindu huabudu udongo. Sikukuu ya Ganesh Chaturthi, ya kumheshimu Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, inavyoadhimishwa majumbani huko Maharashtra, India, inaonyesha vingine.

Sanamu yake ikitoka sokoni ni udongo tu. Heshima huanza dua ya kumkaribisha Ganesha akae humo ikishasomwa. Hapo hupokewa kama mgeni: maua mekundu, nyasi za durva, na modaka, vile vitafunio vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi na sukari guru, vikapikwa kwa mvuke. Baada ya siku moja na nusu, au hata kumi, huagwa kwa dua, sanamu ikasogezwa kidogo, kisha ikazamishwa mtoni au kwenye ndoo nyumbani. Udongo ungekuwa ndio mungu wao, wasingeuyeyusha kwa mikono yao wenyewe.