Kabla Kamera Haijawashwa: Jinsi Skripti Inavyopangwa Kwenye Karatasi

Miswada mingi inayofika kwenye dawati letu la filamu ina hadithi nzuri, ila imeandikwa kama riwaya. Mtayarishaji akiifungua hajui sini (vipande vya hadithi vinavyotokea mahali pamoja na wakati mmoja) ziko ngapi, za usiku ni ngapi, wala akodi nyumba ngapi. Skripti ni karatasi ya kazi: mpiga picha, fundi sauti, mtu wa mavazi na mwigizaji, kila mmoja anatafuta mstari wake humo humo.

Tazama kipande hiki:

NDANI. JIKONI KWA BI MWANAIDI – USIKU

BI MWANAIDI (60) anakunja barua, anaificha ndani ya kopo la chumvi. Mlango unagongwa.

BI MWANAIDI
(bila kugeuka)
Nani mwenzangu?

JUMA (NJE YA PICHA)
Ni mimi, bibi. Mvua imenikuta njiani.

Mstari wa kwanza ni kichwa cha sini. Hubeba mambo matatu tu: ndani au nje, mahali, na wakati. Wengine hutumia INT. na EXT. za Kiingereza, hakuna ubaya, mradi usichanganye. Mahali paitwe jina lilelile mwanzo hadi mwisho. Ukiandika "jikoni kwa Bi Mwanaidi" ukurasa wa 3, halafu "jiko la bibi" ukurasa wa 40, anayepanga ratiba atahesabu sehemu mbili, na bajeti itaumia. Tukitoka jikoni kwenda uani, hiyo ni sini mpya hata kama mazungumzo yanaendelea.

Yanafuata maelezo ya kitendo, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Andika kinachoonekana na kinachosikika, kwa wakati uliopo. Ukiandika "Bi Mwanaidi anakumbuka deni la marehemu mumewe na moyo unamuuma," mpiga picha atapiga nini? Barua ikiingia kwenye kopo la chumvi, mtazamaji mwenyewe atajua kuna jambo. Jina la mhusika huwa kwa herufi kubwa anapotokea mara ya kwanza, pamoja na umri wake. Baada ya hapo, ndani ya maelezo, liandikwe kawaida.

Mabano chini ya jina humwelekeza mwigizaji. Yatumie kwa uchache. Kuandika "kwa hasira" juu ya tusi ni kupoteza wino.

NJE YA PICHA maana yake msemaji yupo palepale ila haonekani, kama Juma aliye nyuma ya mlango. Sauti ya msimulizi, au mawazo ya mhusika, huandikwa SAUTI JUU YA PICHA. Katika skripti za Kiingereza utazikuta kama O.S. na V.O. Tofauti hii ina gharama zake: wa kwanza kwa kawaida anatakiwa awepo siku ya kupiga picha, wa pili anaweza kurekodiwa studio baadaye.

Mpangilio wa ukurasa tumeurithi kutoka Hollywood ya enzi za taipureta. Fonti ni Courier saizi 12, ambayo kila herufi huchukua nafasi sawa, herufi 10 kwa inchi. Ukingo wa kushoto ni inchi 1.5, kuacha nafasi ya matundu ya kufungia. Kwingine takriban inchi 1. Mazungumzo huanzia kama inchi 2.5 kutoka kushoto mwa karatasi. Ukifuata hayo, ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Ni makadirio tu, maana ugomvi wa mistari mitano unaweza kula dakika tatu. Hata hivyo ratiba hujengwa juu yake: ukurasa hugawanywa katika sehemu 8, na kazi ya siku hupimwa kwa vipande hivyo. Anayepunguza fonti ili mswada uonekane mfupi anawaharibia hesabu hiyo.

Programu ya kununua si lazima. Trelby ni ya bure, na fonti ya Courier Prime pia. Namba za sini usiziweke kwenye rasimu; huwekwa mswada unapokwenda kupigwa picha. "KATA KWENDA", yaani agizo la kuhamia sini nyingine, nayo iache, kwani kichwa kipya cha sini kimekwisha kusema hivyo.