Mkataba wa Umeme wa Duka Ukijihuisha, Hujafungwa Mwaka Mzima

Imani iliyonichosha ni hii: kwamba mkataba wa umeme au gesi wa biashara ukiisha bila mwenye biashara kufanya lolote, unajihuisha wenyewe, naye anafungwa mwaka mzima kwa bei aliyopangiwa, wala hana njia ila kungoja. Ninaisikia kwa wenye saluni, wenye mikahawa na wenye maduka ya vyakula vya kwetu hapa Uingereza, na majuzi nimeisikia kwa mhasibu, mtu ambaye wateja wake humlipa ili ajue mambo kama haya. Kwa mfanyabiashara mdogo sana imani hiyo imepitwa na wakati tangu Juni 2017. Hasara yake ni fedha taslimu, kwa sababu anayeamini kwamba amefungwa hapigi simu kuuliza bei ya kwingine.

Sikatai kwamba zamani ilikuwa kweli. Kanuni za mdhibiti wa nishati, Ofgem, zilizoanza mwaka 2010 ziliitaka kampuni imtumie mteja mdogo barua ya masharti mapya takriban siku 60 kabla ya mkataba kuisha, lakini aliyekaa kimya aliweza kuongezewa muda usiozidi miezi 12, na katika miezi hiyo hakuwa na ruhusa ya kuhama. Barua yenyewe ilifanana na matangazo, ikatupwa pamoja na matangazo. Baadhi ya kampuni kubwa ziliuacha utaratibu huo zenyewe kuanzia mwaka 2013 baada ya kelele nyingi, nyingine zikaendelea nao. Ndipo mamlaka ya ushindani na masoko, CMA, ilipomaliza uchunguzi wake wa soko la nishati Juni 2016 na kutoa agizo lililoanza kutumika mwaka uliofuata: mfanyabiashara mdogo sana ambaye mkataba wake umejihuisha anaweza kuuvunja wakati wowote, kwa notisi isiyozidi siku 30, bila kutozwa ada ya kuuvunja.

Ni nani huyo mdogo sana? Ni mwenye wafanyakazi wasiofika 10 na mauzo ya mwaka, au mizania, isiyozidi yuro milioni 2 (ndiyo, yuro, ingawa Uingereza ilikwisha kutoka Umoja wa Ulaya), au anayetumia umeme usiozidi uniti 100,000 kwa mwaka, au gesi isiyozidi uniti 293,000. Kigezo kimoja kati ya hivyo kinatosha. Mkahawa wenye majiko makubwa unaovuka uniti 100,000 lakini una wapishi na wahudumu saba, na mauzo ya kawaida, bado umo ndani, na nimechoka kusikia wenye mikahawa wakiambiwa kwenye simu kwamba hawamo. Kundi jipya la biashara zenye wafanyakazi chini ya 50, ambalo tangu Desemba 2024 linaweza kupeleka malalamiko yake kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati, ni jambo jingine. Kundi hilo lilipata mlango wa malalamiko, halikupata kinga dhidi ya mkataba unaojihuisha. Mwenye biashara ya ukubwa huo asome mkataba wake kana kwamba tuko mwaka 2010.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi hasa. Kati ya wanaonijia wakilalamika kwamba mkataba umejihuisha, wengi mkataba wao haukujihuisha. Wako ambao mkataba uliisha tu, haukurefuka hata siku moja, nao wakaangukia bei ya nje ya mkataba, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko bei nyingine zote kwenye orodha ya kampuni. Hawa hawakufungwa na mtu. Wanalipa bei kubwa kwa kutohama, na wangeweza kutafuta mkataba mwingine leo. Wako waliochukua fremu mpya, wakawasha taa, na kwa tendo hilo tu sheria ikahesabu kwamba wana mkataba na kampuni iliyokuwa ikihudumia mita ile. Huo ni mkataba wa kudhaniwa, hauna kipindi maalumu wala ada ya kutoka, na mkataba wa mpangaji aliyetangulia haukuhamia kwao hata kama dalali aliwaambia hivyo. Wako pia waliotaka kuhama wakazuiwa, wakadhani wamefungwa na muda, kumbe kampuni ya zamani iliuzuia uhamisho kwa sababu ya deni. Deni halifutwi na agizo la 2017. Lipa, au lipinge kwa maandishi kama si lako, kisha omba kuhama upya.

Halafu kuna kundi la mwisho, ambalo mazungumzo yake huwa magumu. Mteja ananiambia kwamba mkataba ulijihuisha kwa miaka mitatu. Hakuna mkataba unaojihuisha kwa miaka mitatu, kwa hiyo naomba rekodi ya simu. Rekodi inakuja, na ndani yake nasikia dalali wa mikataba ya nishati akisoma masharti kwa kasi ya mnadani, na mwenye duka, huku akimrudishia mteja chenji, akijibu ndiyo, ndiyo, sawa. Huo ni mkataba mpya kabisa. Kwa biashara, neno la mdomo kwenye simu linafunga, na zile siku 14 za kubadili nia ambazo mtu anazo anaponunua kwa matumizi ya nyumbani hazimhusu, kama ambavyo ukomo wa bei ya nishati ulioanza Januari 2019 unavyohusu kaya tu. Hapo agizo la CMA halimsaidii, kwa sababu hakunyamaza, alikubali.

Kwa nini miaka mitatu? Kwa sababu kamisheni ya dalali huchomekwa ndani ya bei ya uniti. Peni 2 juu ya kila uniti, kwa duka linalotumia uniti 25,000 kwa mwaka, ni pauni 500 kila mwaka, na kwa miaka mitatu ni pauni 1,500, bila mteja kuona ankara yoyote yenye jina la dalali. Tangu Oktoba 2022 kiasi hicho lazima kionyeshwe kwenye masharti makuu ya mkataba wa mfanyabiashara mdogo sana, na tangu Oktoba 2024 kwa biashara za ukubwa wowote. Tangu Desemba 2022, kampuni ya umeme inayomhudumia mfanyabiashara mdogo sana haipaswi kupokea kazi ya dalali asiye mwanachama wa mpango wa kusuluhisha migogoro. Kwa hiyo anayehisi alidanganywa kwenye simu alalamike kwa dalali kwanza, na jibu lisipomridhisha aende kwenye mpango huo. Lakini alalamike kuhusu kile kilichosemwa kwenye simu. Akiandika kwamba mkataba ulijihuisha, malalamiko yake yatafungwa kwa barua ya aya moja, na kwa haki.

Nikiri kwamba nina mashaka na ushindi wenyewe wa 2017. Kumwondolea mtu kufuli mlangoni si kumtoa nje, na kampuni ilipoacha kuhuisha mikataba, mteja aliyekaa kimya hakupata bei nafuu. Aliangukia bei ya nje ya mkataba, ambayo inaweza kuwa mbaya kuliko ile ya kuhuishwa aliyokuwa akiilalamikia. Bei za jumla zilipopaa kuanzia nusu ya pili ya 2021, na zaidi baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, nafuu ilikuwa kwa aliyefungwa kwa bei ya zamani, na uhuru wa kuhama ulimpa mtu orodha ya bei za kutisha za kuchagua. Ningali naunga mkono agizo, ila simwahidi mtu kwamba kuwa huru ni kulipa kidogo.

Kuhusu notisi nitasema kwa haraka: kwa mikataba ya kipindi maalumu iliyofungwa tangu Oktoba 2022, mfanyabiashara mdogo sana hatakiwi tena kutoa notisi ili ahame mwisho wa kipindi. Anayekudai notisi ya siku 90 kwa mkataba kama huo, mwombe akuonyeshe kanuni inayomruhusu.

Anayetaka nimsomee hali yake anitumie bili nzima, kurasa zote, na masharti makuu ya mkataba kama anayo. Tarehe ya mwisho wa mkataba inapaswa kuwamo kwenye bili ya mfanyabiashara mdogo sana, na aina ya bei anayotozwa huandikwa karibu na uniti, mara nyingi kwa herufi ndogo. Picha ya simu inayoonyesha jumla ya kulipa peke yake hainiambii kitu, isipokuwa kwamba umekasirika, na hilo nilikuwa nimekwisha kulielewa kutokana na ujumbe wako.