Kupimwa mafuta ya mwili ndani ya maji: maswali na majibu

Mizani ya kawaida haitoshi?
Haitoshi, kwa sababu hujumlisha misuli, mifupa, maji na mafuta. Watu wawili wenye kilo 80 na kimo sawa wanaweza kuwa na miili tofauti kabisa. Mwaka 1942, Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, alionyesha kwamba maji yanaweza kubainisha tofauti hiyo. Densiti ya mafuta, yaani uzito wake kwa ujazo wake, ni takriban 0.9 (gramu kwa kila sentimita ya ujazo), chini ya ile ya maji, ambayo ni karibu 1. Misuli, mifupa na viungo vingine kwa pamoja hufikia 1.1. Ndiyo maana mwenye mafuta mengi huelea kwa urahisi.

Kipimo kinafanywaje?
Unapimwa nchi kavu kwanza. Kisha unakaa kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, ndani ya tangi la maji ya uvuguvugu. Unatoa pumzi, unazama mpaka utosini, unatulia sekunde chache mpaka mizani iache kuyumba. Halafu unarudia tena na tena. Vaa nguo ya kuogelea inayobana, maana iliyolegea hunasa viputo vya hewa.

Kwa nini nitoe pumzi yote?
Hapa ndipo kipimo kinapofaulu au kuharibika. Hata ukijikamua vipi, zaidi ya lita moja ya hewa hubaki mapafuni, nayo hukufanya uelee kama mafuta, hivyo lazima ipimwe au ikadiriwe, kisha iondolewe kwenye hesabu. Tuseme una kilo 70, na majini mizani inasoma kilo 3. Hewa iliyobaki mwilini ikiwa lita 1.3, mafuta yako ni kama asilimia 17. Sasa bakiza nusu lita zaidi bila mpimaji kujua: mizani itasoma kilo 2.5, na jibu litaruka hadi karibu asilimia 21, wakati hujaongezeka hata gramu moja!

Jibu lake ni la kuaminika?
Kwa mtu mzima mwenye afya, likichukuliwa kwa uangalifu, ndiyo. Ila hesabu huchukulia kwamba ile 1.1 ni ya kila mtu. Mzee ambaye mifupa yake imepungua madini ataonekana ana mafuta mengi kuliko alivyo nayo. Tena kipimo hakisemi mafuta yako wapi, na yale yanayozunguka viungo vya tumboni ndiyo yenye hatari zaidi kwa moyo na kisukari. Kwa hiyo mzingo wa kiuno upimwe pia.

Na anayeogopa maji?
Asilazimishwe. Kuna chemba ndogo inayopima ujazo wa mwili kwa hewa badala ya maji. Unakaa ndani yake ukipumua kama kawaida.